Baiskeli, mizabibu na siri ya shemeji yangu

Na DAKTARI WETU

WAGONJWA wengi waliopita umri wa miaka 40 huniuliza kama ni salama kwao kurudia baiskeli waliyoiacha walipomaliza shule. Jibu langu huwa ni ndiyo. Baiskeli haiumizi magoti kama kukimbia, huupa moyo na mapafu kazi, na humfikisha mtu mahali ambapo matatu haiingii. Lakini tangu Septemba 2019 jibu hilo nimeliongezea maneno, na leo ningependa kumweleza msomaji sababu yake.

Mwaka huo nilikwenda Ulaya kumtembelea shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, ambaye ni mhandisi kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mimi nilikuwa na miaka 42, yeye 53. Alikuwa amepanga safari ya baiskeli ya siku chache ng'ambo ya mto Rhine, katika eneo la Alsace nchini Ufaransa. Alikuwa amekodi baiskeli mbili zenye gia nyingi na kuandika majina ya vijiji vyote kwenye karatasi. Kwa kuwa mimi ndiye daktari, kazi yangu ilikuwa kubeba mfuko wa dawa. Niliweka plasta, bandeji, dawa ya maumivu na mafuta ya kujipaka dhidi ya jua. Nilikagua tairi, breki na nyororo. Sikumuuliza shemeji swali hata moja kuhusu afya yake.

Nchi ya mizabibu

Alsace ni ukanda mwembamba mashariki mwa Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine. Milima hiyo huzuia mvua itokayo magharibi, na ndiyo sababu mji wa Colmar ni miongoni mwa miji yenye mvua kidogo zaidi nchini humo. Mizabibu hupenda jua na ukavu huo. Imepandwa kwa safu kwenye miteremko ya chini ya milima, mita 200 hadi 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyezoea kuishi Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600, hatasumbuliwa na hewa ya huko. Atakachosumbuliwa nacho ni kupanda na kushuka kusikoisha.

Mwaka 1953 ilizinduliwa Barabara ya Mvinyo ya Alsace, yenye urefu wa karibu kilomita 170, kuanzia Marlenheim karibu na Strasbourg hadi Thann upande wa kusini. Waendesha baiskeli wana njia yao pia, ambayo mara nyingi hufuata vijia vya wakulima katikati ya mashamba. Kijiji hufuatana na kijiji kila baada ya kilomita mbili au tatu. Nyumba zina mbao zinazoonekana nje ya kuta, na nyingi ni za karne ya 16 na ya 17.

Eneo hilo limebadilisha bendera mara nyingi. Mwaka 1871 lilichukuliwa na Ujerumani, mwaka 1918 likarudi Ufaransa, mwaka 1940 likatwaliwa tena na Ujerumani ya Hitler, na mwisho likakombolewa kati ya 1944 na 1945. Majina ya vijiji vingi ni ya Kijerumani ilhali wenyeji ni Wafaransa.

Siku ya kwanza

Tulianzia Colmar na kwenda Eguisheim, mwendo wa kilomita saba hivi. Kijiji hicho kimejengwa kwa duara, barabara ndani ya barabara, hivi kwamba ukizunguka hujikuta umerudi ulipoanzia. Siku hiyo tulizunguka vilima vya karibu ili miguu izoee.

Hapo nilijifunza upya mambo ambayo kila mwendesha baiskeli anapaswa kuyajua. La kwanza ni urefu wa kiti. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa, na mguu wako uwe umenyooka. Unapoendesha kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litakuwa limekunjika kidogo tu, kama inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, maumivu ya goti huja mbele. Kikiwa juu mno, maumivu huja nyuma ya goti na kiunoni.

La pili ni gia. Usingoje kilima kikukamate ukiwa na gia nzito. Badilisha mapema, zungusha pedali kwa wepesi na upande polepole. Kipimo rahisi ni mazungumzo. Ukiweza kuongea sentensi nzima, moyo wako unafanya kazi ya kadiri. Ukiweza kutoa neno moja moja tu, umezidisha.

La tatu ni ganzi. Mikono hufa ganzi upande wa kidole cha mwisho kwa sababu neva hubanwa na usukani, na sehemu za siri hufa ganzi kwa sababu ya kiti. Badilisha jinsi unavyoshika usukani, na kila baada ya dakika 10 hivi inuka kitini kwa muda mfupi. Ganzi isiyoisha baada ya kupumzika ni jambo la kumwona daktari.

Jioni ile shemeji alikula vizuri na kulala mapema. Sikuona lolote la kunitia wasiwasi.

Kilima cha Sigolsheim

Siku ya pili tulitoka mapema. Shemeji alikunywa kahawa bila chochote, akasema kula asubuhi humfanya mzito. Tulipita Turckheim na Ammerschwihr hadi Kaysersberg, mwendo wa kilomita 20 hivi, nusu yake ikiwa ya kupanda.

Nilikuwa na hamu ya kufika Kaysersberg kwa sababu ndiko alikozaliwa Albert Schweitzer mwaka 1875. Alikuwa tayari mwanatheolojia na mpiga kinanda mashuhuri alipoanza kusomea udaktari akiwa na miaka 30. Mwaka 1913 alikwenda Lambaréné, katika nchi ambayo leo ni Gabon, akajenga hospitali kando ya mto Ogooué. Alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952, na akafia huko Lambaréné mwaka 1965. Waafrika wengi wamemlaumu kwa kuwatazama wagonjwa wake kama wadogo zake wasiojua lililo jema kwao. Nilisimama mbele ya nyumba aliyozaliwa nikiwaza jambo hilo, yaani daktari anayedhani anamjua mtu kabla ya kumuuliza. Saa mbili baadaye lilinihusu mimi mwenyewe.

Huko Kientzheim, kijiji kinachofuata, tuliingia katika ghala la mkulima anayeuza mvinyo wake. Alsace hujulikana hasa kwa mvinyo mweupe, kama vile Riesling na Gewürztraminer. Mwenyeji wetu alitumiminia kidogo kidogo ya kila aina. Mezani kulikuwa na chombo cha kutemea, kwa kuwa wanaoonja kwa kazi hutema na hakuna anayewashangaa. Mimi nilitema. Shemeji alicheka na kusema mtu hasafiri kilomita zote hizo kuja kutema. Kwa hesabu yangu alikunywa kama glasi tatu, juu ya tumbo lililokuwa na kahawa tu. Wakati huo ilikuwa inakaribia saa saba mchana.

Juu ya kijiji cha Sigolsheim kuna kilima chenye makaburi ya askari wa jeshi la Ufaransa walioanguka katika vita vya kulikomboa eneo la Colmar katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Wamo pia askari Waislamu kutoka Afrika Kaskazini. Sigolsheim yenyewe na jirani yake Bennwihr zilibomolewa na mizinga, na nyumba za leo zilijengwa baada ya vita. Shemeji ndiye aliyetaka tupande, akisema haifai Mwafrika kupita hapo bila kuwaamkia.

Katikati ya mteremko baiskeli yake ilianza kuyumba.

"Shemeji, tushuke tutembee," nilimwambia.

Alinijibu maneno yasiyoeleweka, kisha akanikaripia nimwache. Yeye ni mtu mpole, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alikwenda hatua chache zaidi, gurudumu likaingia kwenye nyasi, akaanguka chini ya mizabibu. Nilimwinua. Harufu ya mvinyo ilinipiga puani.

"Umelewa," nilisema kwa ukali, neno ambalo kwetu mtu hamwambii kaka mkubwa wa mkewe.

Mume na mke waliokuwa wakishuka kwa miguu walisimama. Yule mama alitikisa kichwa akimwangalia, na sikuhitaji kujua Kifaransa kuelewa maana yake. Nami nilikuwa karibu kumlaza kivulini alale pombe imtoke. Lakini nilipomshika mkono niliukuta umelowa jasho la baridi, na vidole vilikuwa vikitetemeka. Alikuwa mweupe midomoni. Hapo ndipo udaktari wangu ulipoamka.

"Shemeji, una kisukari?"

Alinitazama kama asiyenijua, kisha akaitikia kwa kichwa.

Sikuwa na mashine ya kupimia sukari. Katika mfuko wangu wa dawa hapakuwa hata na peremende. Nilimgeukia yule mama nikatamka neno ambalo ni karibu sawa katika lugha nyingi, "sukari". Alifungua begi lake akatoa chupa ya juisi ya zabibu. Shemeji alikuwa bado anaweza kumeza. Alikunywa polepole, na baada ya dakika 15 alijua yuko wapi.

Kilichotokea mwilini

Hospitalini Colmar, alikofikishwa na ambulensi, ndiko nilikopata habari yote. Shemeji alikuwa amegunduliwa ana kisukari miaka miwili kabla, na alikuwa akimeza tembe za glibenklamidi. Asubuhi ile alizimeza kama kawaida, kwa siri, wakati mimi nikijaza upepo kwenye tairi.

Mambo manne yalikutana. Kwanza, glibenklamidi hulilazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Pili, hakuwa amekula. Tatu, misuli inayopanda mlima huchota sukari kwa wingi kutoka kwenye damu. Katika hali ya kawaida ini huziba pengo hilo kwa kutoa sukari iliyo akibani na kutengeneza nyingine. Lakini la nne lilikuwa mvinyo. Ini linaposhughulikia pombe, kazi ya kutengeneza sukari mpya hudorora. Sukari ikashuka, na ubongo, unaotegemea sukari kila dakika, ukaanza kuzimika.

Hatari kubwa ni kwamba mtu aliyeshukiwa na sukari hufanana na mlevi. Huyumba, huongea ovyo, hukasirika bila sababu, kisha hulala. Kama amekunywa hata glasi moja, watu hunusa na kumwacha, na wengine hawaamki tena. Akijiponea ataamka na aibu, naye atazidi kuficha ugonjwa wake.

Madaktari walimlaza hadi kesho yake akiangaliwa. Hilo si jambo la kupuuza. Tembe za aina ile hukaa mwilini kwa muda mrefu, na sukari inaweza kushuka tena saa nyingi baada ya mgonjwa kuonekana amepona. Pombe nayo inaweza kuishusha usiku au hata asubuhi inayofuata.

Huduma ya kwanza

Ukimwona mtu anatetemeka, anatoka jasho la baridi, amechanganyikiwa au amekuwa mkali ghafla, na unajua au unashuku ana kisukari, fanya hivi:

Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe sukari inayofanya kazi haraka, kiasi cha gramu 15. Hiyo ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi tamu au soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haina msaada. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipata nafuu, mpe mkate, ndizi au chakula kingine ili sukari isishuke tena.

Kama amezimia au hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, kwani kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu na umpeleke hospitali upesi. Ukiwa Ufaransa, piga 15 au 112.

Usingoje kipimo kama huna mashine. Sukari kidogo ukimpa mtu ambaye haikuwa imemshuka haitamdhuru sana. Ukimnyima mtu aliyeshukiwa unaweza kumwua.

Kabla ya kupanda

Sitaki msomaji mwenye kisukari aweke gazeti chini akidhani baiskeli si yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na wenye kisukari hawakuachwa nje. Mazoezi huusaidia mwili kuitumia insulini vizuri. Kinachotakiwa ni maandalizi.

Muone daktari wako wiki kadhaa kabla, umwambie utapanda milima kwa saa ngapi. Wanaotumia insulini au tembe za jamii ya glibenklamidi huenda wakapunguziwa dozi siku za safari. Usijipunguzie mwenyewe. Anayetumia metformini peke yake hana hatari kubwa ya sukari kushuka, lakini naye asichanganye njaa na pombe.

Pima kabla ya kuanza. Kipimo kikiwa chini ya 5, kula kwanza. Kikiwa juu ya 14, usiende mlimani mpaka upate ushauri. Kula kiamsha kinywa, beba peremende au glukosi mfukoni, na kunywa maji mara kwa mara.

Wenye shinikizo la damu wapimwe pia. Anayeumwa kifua anapopanda ngazi asipande kilima kabla ya kuchunguzwa moyo. Kwa mvinyo, iwe ni baada ya safari na baada ya chakula. Sheria ya Ufaransa inayowazuia madereva kuzidi nusu gramu ya pombe katika lita moja ya damu inawahusu waendesha baiskeli pia. Vaa kofia ngumu. Huko magari hupita kulia, kwa hivyo sisi tuliozoea kushoto tuwe macho kila tunapotoka kwenye kona.

Simu kutoka Ribeauvillé

Nilimuuliza shemeji kitandani kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia wewe, dada angejua kabla jua halijatua," alisema.

Nilimwelewa. Mama yao alifariki kwa kisukari baada ya kukatwa mguu, na mke wangu ndiye aliyemuuguza miaka yote hiyo. Shemeji hakutaka kumrudishia mzigo ule. Kwa kumkinga dada yake, alikuwa karibu kumletea msiba mwingine kutoka ng'ambo.

Tulipumzika siku moja zaidi. Madaktari walibadilisha dawa yake na kumruhusu aendelee kwa mwendo wa taratibu. Tulikwenda Riquewihr, ambako mnara wa lango uitwao Dolder umesimama tangu mwaka 1291, kisha Hunawihr na Ribeauvillé. Tulipima kila tulipopumzika, tukala kabla ya kusikia njaa, na vilima vikali tulivipanda kwa miguu tukisukuma baiskeli. Hakuna aliyetucheka. Ngome ya Haut-Koenigsbourg, iliyo karibu mita 757 juu, ilikuwa kwenye karatasi ya shemeji. Tuliitazama kutoka chini na kuiacha.

Jioni ile mjini Ribeauvillé alimpigia dada yake simu na kumweleza mwenyewe. Mimi nilikaa kando nikisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Baadaye mke wangu aliniambia kwamba alipomaliza kusikiliza, swali la kwanza alilouliza lilikuwa kama kaka yake amekula.

Si lazima msomaji aende Alsace ili akutane na kilima cha Sigolsheim. Murang'a ina miinuko mikali kuliko ile, na muratina haipungui. Kisii, Taita na Kericho kuna watu wanaosukuma baiskeli mlimani tangu alfajiri kwa chai ya rangi peke yake, na baadhi yao wana kisukari wasichokijua. Kwa hivyo, kabla hamjaondoka, ukishakagua tairi na breki, mgeukie mwenzako umuulize mambo matatu: unatumia dawa gani, umekula nini, na nikikuona umebadilika nikufanyie nini. Nawe ukiulizwa, sema kweli. Mimi siku hizi hubeba glukosi katika mfuko wangu wa dawa, na maswali hayo huyauliza kabla sijashika pampu.